Laifu jaketi: maswali tunayoulizwa kila siku dikoni, bandarini na ufukweni

Maswali haya yanakuja kila wiki, mengine kwa meseji, mengine mtu anakusimamisha njiani Mkokotoni, Unguja, au Mkoani, Pemba, anakuuliza hapo hapo na jua lake. Tumeyaweka pamoja ili tusirudie kujibu kila siku. Hayana mpangilio, ruka ufike kwenye lile linalokuhusu.

Mie naogelea toka mdogo, laifu jaketi la nini?

Hili ndo swali namba moja na wanaouliza karibu wote wanaume. Sawa, unaogelea. Lakini hebu fikiria unavyoogelea siku zote: unaingia mwenyewe kwa hiari yako, mchana, bahari shwari, umevaa bukta, na ukichoka unatoka. Chombo kikipinduka hupati hata kimoja katika hivyo. Unaweza kuwa umepigwa na foromali, ule mti wa tanga, kichwani, au mguu umenasa kwenye wavu, au ni saa nane ya usiku na hujui Unguja iko upande gani, na mkondo unakuchukua kwenda zake wala haukuulizi kama ulikuwa bingwa wa makachu, kule kuruka majini, pale Forodhani.

Na mtu alozimia hajui kuogelea, hata awe nani. Laifu jaketi lenyewe hasa, sio kila kinachoitwa hivyo, limetengenezwa likugeuze uso uangalie juu hata ukiwa hujitambui. Hilo mikono yako haiwezi kukufanyia.

Chengine watu hawakijui: mwili wa mtu mzima ndani ya maji unakuwa mwepesi sana, wengi wetu tunahitaji kunyanyuliwa kama kilo tatu mpaka tano hivi tu ili kichwa kikae juu. Kilo hizo chache ukizipigania kwa mikono saa nzima unakwisha, jaketi linazibeba usiku kucha wala halihemi.

Boya na laifu jaketi si kitu kimoja?

Watu wanaita vyote boya na hakuna ugomvi, ila ukienda kununua tazama maandishi ndani. Utakuta namba na herufi N, ndio nyutoni, yaani nguvu ya kukunyanyua. Nyutoni kumi ni karibu sawa na kilo moja.

50 ni kisibau cha kusaidia tu. Kinamfaa anaejua kuogelea, karibu na ufukwe, na watu wa kumsaidia wapo karibu. Hakikugeuzi uso juu. 100 ndio linaanza kuitwa laifu jaketi, maji yalotulia na mwambao wa karibu. 150 ni la bahari kubwa, kwa hiyo ukivuka mkondo wa Nungwi kwa chombo kidogo au unakwenda kuvua mbali na miamba, hili ndo lako. 275 ni la watu wanaofanya kazi kwenye bahari mbaya wamevaa nguo nzito na zana, huku kwetu utaliona mara chache.

Wengi tunaowaona kwenye boti za kupeleka wageni wamevalishwa za 50 na wanaambiwa wamevaa laifu jaketi. Kwa Changuu na Nakupenda mchana bahari ikiwa imelala, na nahodha yuko macho, haya. Kwa asiejua kuogelea kabisa, hapana, mpe la 100 kwenda juu.

Nitajuaje kama limenikaa?

Livae, funga zipu na klipu zote na mikanda yote, sio ule mmoja wa mbele ukaridhika. Halafu nyanyua mikono juu, mwenzio alishike mabegani alivute juu. Likipanda mpaka likafika kidevuni au masikioni basi ni kubwa au hukukaza. Ukiwa majini litafanya hivo hivo, litapanda peke yake na wewe utabaki chini yake. Likikubana mpaka huwezi kuvuta pumzi ni dogo, badilisha.

Kisha jaribu majini, maji ya kifua, nyanyua miguu ulale chali. Dakika tano tu. Hatuelewi kwa nini mtu ananunua viatu anavijaribu dukani anatembea navyo huku na huku, halafu jaketi la roho yake analijaribu siku chombo kinazama.

Nimevaa baibui, jaketi linakwenda juu au chini?

Juu, juu ya kila kitu, na kwa kanzu vile vile. Ukivaa ndani ya baibui halikazi vizuri, hulifikii kulifungua, na kama ni la kujaza upepo linaweza kukubana vibaya. Mtandio ufunge au uchomeke ndani ya shingo ya baibui usije ukafunika uso ukishalowa. Mkanda wa kupita katikati ya miguu ndio unawapa tabu akina mama, kwa baibui refu haupiti vizuri, wengine wanavaa suruali ndani wanalikusanya baibui kiunoni kabla ya kupanda. Ukishindwa kabisa, kaza ya kiunoni mpaka mwisho.

Na ikitokea bahati mbaya umo majini, usianze kuhangaika kuvua baibui. Jaketi linakubeba wewe na baibui lako.

Nina mtoto mchanga, nimfunge mbeleko mgongoni halafu nivae jaketi?

Hapana, tafadhali. Hili tunaliona kila siku kwenye vyombo vya Tumbatu, Kojani, Makoongwe, na mama anafanya kwa mapenzi kwa sababu mgongoni ndiko mtoto alikozoea. Lakini tumesema jaketi linakulaza chali uso juu. Ukilala chali, mtoto alie mgongoni yuko wapi? Yuko chini ya maji, na wewe ndo umemlalia, na fundo la kanga likishalowa halifunguki kirahisi. Mbele pia usimfunge ndani ya jaketi, jaketi likikaza linambana na huwezi kumtoa.

Mtoto anatakiwa awe na lake. Yapo ya watoto wadogo yana kola kubwa nyuma ya kichwa, mkanda wa katikati ya miguu na mshiko wa kumvutia juu ya mgongo. Tazama kilo zilizoandikwa, sio miaka, mana watoto wa miaka mitatu hawalingani. Kwa kichanga cha miezi michache kupata linalomkaa ni kazi kubwa, majaketi mengi hayakutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo ushauri wetu kama safari si ya lazima na chombo ni kidogo, ahirisha mpaka bahari itulie au subiri boti kubwa. Ikibidi, mpakate mikononi bila kumfunga, wewe mwenyewe uwe umevaa, na ukae karibu na mtu mzima mwengine ambae nae kavaa.

Nimnunulie kubwa ili akue nalo?

Usifanye. Sare ya skuli sawa, jaketi hapana. Atapomoka chini litoke juu. Likimpita mdogo wake arithi.

Na yale mabawa ya mikononi ya upepo? Tairi? Dumu?

Mabawa ya mikononi na maua ya kuelea ni vitu vya kuchezea, yanatoboka, yanavuka, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mzazi akimuona mtoto kavaa anakwenda zake kwenye simu. Tairi la ndani la gari linaelea vizuri sana, ndio, lakini upepo wa matlai ukilisukuma linakwenda nje na mtoto juu yake na huwezi kulifukuza kwa kuogelea.

Dumu tupu la lita ishirini lenye kifuniko ni jambo jengine. Si la kuvaa, ila kila ngarawa na kila dau liwe nalo, limefungwa kamba, la kumtupia mtu. Ajali ya meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba ikazama upande wa Nungwi, kuna walookoka kwa kushikilia magodoro. Kitu chochote kinachoelea ushike. Lakini godoro la kulishika ni bahati.

Naweza kujitengenezea kwa chupa tupu za maji?

Ukiwa huna kabisa, chupa kadhaa zilozibwa vizuri zikafungwa kifuani ni bora kuliko kifua kitupu. Kifuani tunasema, zisiwe mgongoni, zikiwa mgongoni zinakupindua uso chini na hapo umejiua mwenyewe. Ila zinahama, zinabonyea, kamba inakata. Usipakie familia ukasema wote wana majaketi.

Wazee wanakumbuka majaketi ya zamani yalojazwa sufi, sufi hii hii ya mito ya kulalia. Si mzaha, nyuzi zake ziko wazi ndani kama mirija na zina nta kwa juu, kwa hiyo zinaelea vizuri sana, meli nyingi duniani zilitumia. Ubaya ukilikalia likashindiliwa, au likaingia mafuta ya mashine, kwisha. Kwa hiyo usiende kukata msufi wa jirani.

Nikivaa siwezi kuvuta nyavu, joto, linabana mikono

Malalamiko ya haki haya. Lile la chungwa nene la mraba kama la kwenye meli, huwezi kufanya nalo kazi, limetengenezwa la kuvaliwa wakati wa dharura. Kwa mvuvi kuna aina mbili za kufikiria. Moja ni kisibau chembamba chenye povu gumu, mashimo makubwa ya mikono, mabega wazi, kinauma kidogo kwa joto lakini unazoea. Ya pili ni lile la kujaza upepo, linakaa shingoni kama mkanda tu, ukilivuta kamba au likigusa maji linajijaza kwa kichupa cha gesi.

Hilo la pili zuri sana ila tunalisema kwa hadhari kwa visiwa vyetu. Kichupa kikishatumika ni lazima kipya, na kupata kipya cha saizi ile ile si kazi ya siku moja. Lile linalojijaza lenyewe likilowa na mawimbi linaweza kufyatuka uko kazini, basi mvuvi analivua analitia chini ya ngama na halitoki tena. Na likitobolewa na ndoana? Kwa hiyo kwa mvuvi wa kawaida sisi tunasema povu gumu, la upepo waachie wanaoweza kulikagua kila mara: kichupa kimekaza, hakina kutu, ukilijaza kwa mdomo ukaliacha usiku linabaki limejaa.

Ikiwa mchana kweupe hutaki kuvaa kabisa, basi angalau vaa saa hizi: usiku, uko peke yako, kusi linavuma, unapita mkondoni, na pale unapokwenda tezi, nyuma ya chombo, kwa haja. Hiyo ya mwisho wanacheka ila wavuvi wanajua wangapi wameanguka hapo bila mtu kujua.

Sisi wa mwani tunakwenda kwa miguu, yanatuhusu?

Kwa anaelima pale pale kina cha magoti maji yakipwa, hatari yako kubwa si kuanguka, ni kuchelewa kutoka. Bamvua maji yanapwa mbali mpaka raha, lakini huku kwetu tofauti ya kupwa na kujaa inafika kama mita nne, na yakianza kurudi yanajaza kwanza vile vijito na mashimo yalioko nyuma yako, kati yako na ufukwe. Unageuka na kiroba chako kizito unakuta ulipopita asubuhi pashakuwa kina. Muwe wengi, mmoja aangalie saa, na mzigo wa mwani ukikuzidi uachie, mwani utaota mwengine.

Lakini siku hizi maji yamekuwa moto na mwani unakufa karibu, kuna wanaohamia kina kirefu wanakwenda kwa ngarawa au dau. Hapo hakuna mjadala, kisibau kabla ya kupanda. Cha 50 kinaacha mikono huru ya kufunga kamba, cha 100 ni bora zaidi kama hujui kuogelea, na kina mama wengi hawajui mana hawakufundishwa. Nungwi mradi wa Panje umefundisha wasichana wengi kuogelea kwa nguo zao za stara mwili mzima, kwa hiyo ile hoja kwamba mtoto wa kike hawezi kujifunza bila kuvunja heshima haina tena nguvu.

Nasafiri na boti kubwa ya Dar au Pemba, nivae njia nzima?

Si lazima, na watu watakushangaa. Unachotakiwa ukishakaa ni kujua lako liko wapi, chini ya kiti au kwenye makabati yalioandikwa, tia mkono uliguse ujue lipo. Una watoto, muulize baharia ya watoto yako wapi kabla boti haijang'oa nanga. Kanuni za kimataifa za meli zinataka majaketi ya watoto yasipungue asilimia 10 ya abiria, au zaidi ili kila mtoto apate lake, kwa hiyo si kwamba unaomba fadhila. Tazama mlango wa kutokea upo upande gani. Video ile ya usalama wanayoweka, itazame japo mara moja ya kweli.

Na ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Nauli itarudi au haitorudi. Spice Islander ilibeba watu wengi kupita uwezo wake. Mwaka ulofuata, 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikitoka Dar ikazama karibu na Chumbe, karibu kabisa na mjini, bahari ya kusi. Mwezi wa sita mpaka wa nane sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema upepo mkali na mawimbi makubwa usimbembeleze nahodha aondoke.

Ikianza kulala ubavu?

Chukua jaketi, toka nje kwenye sitaha, mizigo iache. Ukiweza livae nje au mlangoni, mana ndani ya chumba kinachojaa maji jaketi linakubandika kwenye dari na huwezi kupiga mbizi utokee mlangoni. La upepo usilijaze ndani kabisa kabisa. Ukilazimika kuruka, tazama chini hakuna mtu, ziba pua kwa mkono mmoja, mwengine ukandamize jaketi kifuani lisikupige kidevu, ruka miguu kwanza, halafu jitenge na chombo.

Ngarawa ikipinduka, niogelee ufukweni? Nauona ule pale

Usiondoke. Ufukwe unaouona si karibu kama macho yanavyokudanganya, na mkondo haupo upande wako. Ngarawa au boti ya faiba ilopinduka mara nyingi inabaki inaelea, na KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, au wavuvi wenzio wakitafuta wanaona chombo kabla hawajaona kichwa. Panda juu yake au shikilia.

Kama chombo kimekwenda, kusanyikeni, mkumbatiane, watoto katikati. Ukiwa peke yako kunja magoti kifuani. Maji yetu ni ya moto, 25 mpaka 29 hivi, lakini mwili ni 37 na maji yanavuta joto upesi kuliko hewa, ukikaa usiku kucha utatetemeka tu. Filimbi ya kwenye jaketi ndo wakati wake, piga mara chache chache, sauti ya kupiga kelele inakauka mapema. Maji ya bahari usinywe hata kiu ikikuuwa.

Nahodha hana majaketi ya kutosha, au anayo kafungia kwenye boksi

Usipande. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar ndio inayokagua vyombo, na sheha na kamati ya wavuvi wa diko nao wana masikio. Ila ukweli ni kwamba abiria ndo wenye nguvu, watu watano wakikataa kupanda majaketi yanapatikana palepale, tushaona. Na yalofungwa kwenye boksi kwa kamba mafundo matatu hesabu kama hayapo. Chombo kidogo hakizami taratibu kikakusubiri uchague saizi. Vaeni mkiwa bado mchangani.

Ajali ni kadari ya Mungu, jaketi litazuia nini?

Mfunge ngamia wako kisha utawakali. Masheikh wetu washalijibu hili zamani, sisi hatuongezi.

Mtu anazama mbele yangu, nirukie?

Usirukie mikono mitupu. Anaezama anakupanda kichwani, hakusudii, na mnakwenda wawili. Tena usingoje apige mayowe, anaezama hasa huwa kimya, kichwa kinarudi nyuma, mdomo unaingia unatoka majini. Mtupie dumu, mnyooshee kasia, pondo, hata kanga mbili zilofungwa. Ukilazimika kuingia, vaa jaketi na chukua kitu cha kumpa akishike.

Akishatolewa asininginizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo, mnapoteza muda na matapishi yanaingia mapafuni. Kama hapumui mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano mdomoni, halafu kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi mbili, 30 tena, msiache mpaka apumue au msaada ufike, huku mwengine anapiga 112. Akizinduka akasema yuko sawa, hospitali anakwenda vile vile, kifua kinaweza kuharibika saa kadhaa baadae.

Yanauzwa wapi na nitajuaje si feki?

Maduka ya vifaa vya uvuvi na mashine za boti mjini, na mengine yanatoka Dar. Rangi chukua ya chungwa au manjano inayowaka, bluu na nyeusi baharini hazionekani. Liwe na filimbi na vipande vinavyong'aa ukimulika tochi, ukienda usiku tafuta lenye taa.

Kujua feki: bonyeza, povu zuri linarudi, halina unga wala harufu ya godoro. Kisha lifungie jiwe likae chini ya maji siku nzima, mchana na usiku. Ukilifungua liibuke haraka kama mwanzo, na usilione limekuwa zito. Yanayojazwa sponji ya godoro yanakunywa maji, hayo ni nanga.

Linakaa miaka mingapi?

Inategemea unavyolitesa. Jua ndo linaliua kuliko bahari, rangi ikipauka sana na nyuzi zikikatika kwa kucha, litupe, na ulikate kwanza asije mtu akaliokota. Usilikalie, usilifanye mto, usilitie chini ya madumu ya petroli.

Naweza kulifua na sabuni ya unga?

Maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, sawa. Mashine ya kufulia hapana, pasi hapana, jiki hapana. Litundike kivulini penye upepo, sio juu ya bati, na likishakauka liweke mahali hata mtoto analifikia.